Mwaka Uliolala Yadini

Skola, mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua ianze na salamu ndefu, habari za mvua na za mifugo. Wewe nimekusalimia asubuhi kabla hujapanda bodaboda kwenda Nyakitonto kumuaga bibi yako, na mvua unaiona mwenyewe, kwa hiyo salamu nazikata. Saa hizi ni saa tisa alasiri. Nimekaa kwenye benchi la getini, magari mawili tu yameingia, na mama yako yuko ndani anapanga begi lako kwa mara ya tatu. Mambo ya sabuni, ya kugawa nauli uiweke mahali pawili, ya kutokula vitu vya dirishani njiani, hayo ameshayasema yeye tangu Jumatatu na mimi sitayarudia.

Mimi nina langu. Nimekukosea, Skola, na wewe hujui. Au labda unajua, na hilo nalo linanisumbua. Mama yako amenipa mpaka kesho. Alisema hivi, na sauti hakuipandisha: "Umwambie wewe, au nitamwambia mimi, na nikimwambia mimi sitakupunguzia." Unamjua mama yako. Wiki hii nimejaribu mara tatu kukwambia, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umekula. Mdomo wangu ni mwepesi kwa madereva na kwa watu wa mizani, lakini kwako unakuwa mzito. Ndiyo maana naandika.

Niache nizunguke kidogo kabla sijafika. Kosa lenyewe halieleweki bila kuijua hii yadi, na yadi haieleweki bila kujua habari ya posho.

Nimeendesha lori miaka kumi na tisa. Tulitoa maharage na mahindi huku kwetu, tukarudi na saruji, mabati, unga wa ngano. Kila safari tajiri anakupa posho, ya kula na ya kulala, na hakuulizi umelala wapi, mradi gari lifike na mzigo ukiwa mzima. Basi sisi tulilala garini. Dereva kwenye kiti magoti yakiwa juu, utingo chini ya tela kwenye turubai. Asubuhi unanawa uso kwa maji ya dumu, na ile pesa ya kulala inarudi nyumbani kama ilivyo. Hii nyumba tunayokaa, kuanzia msingi mpaka dirisha la chumbani kwako, ni usiku niliolala kwenye kiti. Mara moja tu nililipia gesti, Kakonko, nikiwa na malaria, na nakumbuka nililala nikiwaza bei ya kile chumba kuliko homa yenyewe. Mama yako mpaka leo ananicheka.

Mgongo ulipokataa nikanunua kiwanja hiki barabarani, nikazungusha uzio wa miti, nikachimba choo, nikaweka taa moja na mlinzi. Ndiyo ikawa yadi. Pesa iliingia, tena bila akili nyingi. Barabara ilikuwa mbovu, kutoka Nyakanazi mpaka Kasulu siku inaisha, na masika siku mbili zinaisha. Kila gari lililala hapa, si kwa kupenda bali kwa kuchoka. Mimi nikadhani ni ujanja wangu. Kumbe aliyekuwa ananiletea wateja ni lile tope.

Lakini sikuridhika, na hapa ndipo ujue baba yako alivyo. Kwenye jumuiya ya kanisani walikuwa wakinitania wananiita mlinzi wa magari. Jirani yetu yule mwenye vyumba vitano mjini akiingia wanampisha kiti, wanamwita mzee wa gesti. Mimi mwenye magari kumi na mawili usiku mmoja naitwa mlinzi. Iliniuma. Nilikaa nayo kifuani muda mrefu, na hata mama yako sikumwambia, kwa sababu jambo lenyewe likisemwa kwa sauti linaonekana la kitoto.

Lami ikaja. Watu wote tulishangilia, nami nilishangilia kuliko wote. Nilipiga hesabu yangu: lami italeta watu wa ofisini, wafanyabiashara wa magari madogo, watu wanaolala kwenye mashuka. Nikajenga vyumba sita. Taili sakafuni, dari nyeupe, vioo. Pesa ya yadi haikutosha, nikachukua ile ya ng'ombe wawili na ya mahindi ya misimu miwili, pesa ambayo mama yako alikuwa ameitaja kwa jina lako tangu uko kidato cha tatu. Nikamwambia naazima tu, vyumba vitairudisha kabla majibu ya chuo hayajatoka. Yadi nayo nikaipandisha bei, ili ifanane na vyumba.

Nini kilitokea unajua, ulikuwepo. Lami iliwapitisha watu wote. Dereva anayetoka Nyakanazi alfajiri anapita hapa Kasulu mchana, na chai ya jioni anakunywa kwake Kigoma. Mwenye gari dogo anafika mjini kabla hajachoka, analala kwa jirani yetu karibu na stendi. Na wale wachache wa malori makubwa waliobaki wakaona bei yangu mpya, wakaenda kulala kwenye uwanja wa kituo cha mafuta. Hata Mzee Shabani, rafiki yangu tuliyeanza naye udereva, mtu aliyekubeba mgongoni, alipita getini, akanipungia mkono, akaenda kulala sheli. Nilimkasirikia vibaya sana. Nilimwita mnafiki mbele ya mama yako.

Mganga hajigangi, Skola. Mimi niliyejenga nyumba kwa kutolala gesti, niliwajengea madereva gesti. Sijui nieleze vipi kitu kama hicho.

Sasa nimefika.

Mwaka jana ulichaguliwa. Ulipoomba chuo cha maabara kule Mwanza hukuwa na simu, ukajaza namba yangu. Ujumbe uliingia asubuhi ya siku ya soko. Ulikuwa jikoni unakanda unga wa chapati. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba namba nne, ambacho hakuna mtu aliyewahi kulala humo. Ujumbe ulisema hongera, uthibitishe, na ada ya kuanzia ni kiasi fulani. Nikatazama zile taili. Ada yako ilikuwa pale chini, nimeikanyaga. Nikausoma ujumbe mara mbili, nikaufuta.

Jioni uliniuliza kama hawajatuma kitu. Nikasema mtandao unasumbua. Baada ya wiki tatu nikasema labda nafasi zilikuwa chache, wapo watoto wengi waliofaulu. Ulilia jikoni. Mama yako akasonga ugali peke yake, mimi nikatoka nje kwenda kukagua upepo kwenye matairi ya magari ya watu. Nilijiambia kwamba nyumbani unahitajika, kwamba mwaka mmoja si kitu, kwamba mwaka unaofuata nitakupeleka. Yote hayo niliyasema ili nisiseme lile moja, kwamba niliona aibu kumkabili mama yako na kumwambia pesa ya mtoto imeishia sakafuni.

Nimeandika. Nimesimama kidogo, nimekunywa maji. Naendelea.

Lililobaki ni shukrani, na nisiposema shukrani nitakuwa nimekosa mara ya pili. Mtu mwingine angenuna mwaka mzima. Wewe ulinuna siku nne, siku ya tano ukachukua chupa ya chai na bakuli la maandazi, ukaenda sheli kuwauzia wale wale madereva walionikimbia. Nilidhani unanitangazia aibu. Kumbe ulikuwa unauliza. Kila aliyenunua chai ulimuuliza kitu kimoja, kwamba akiwa amechoka hivi, akipata nini hapa Kasulu angelipa bila kunung'unika.

Uliporudi na majibu sikutaka kuyasikia. Walitaja maji ya moto ya kuoga, kwa sababu huku kwetu asubuhi baridi inauma mpaka kwenye meno. Walitaja choo kisichonuka. Walitaja taa upande wa tangi la mafuta, ili wezi wasinyonye dizeli. Walitaja ardhi iliyosawazishwa, ili mtu akilala kwenye kiti damu isishukie kichwani. Hakuna hata mmoja aliyetaja kitanda. Na kuhusu Mzee Shabani ulinieleza alivyokujibu, ukiangalia chini kwa heshima: "Mwambie baba yako, nikilala chumbani kwake nitakuwa nimelalia madaftari ya wanangu."

Nilikupandishia sauti siku ile. Nilikwambia huyo mzee na wewe mnataka kunifundisha kazi niliyoifanya kabla hujazaliwa. Ukachukua ndoo, ukaenda kuchota maji. Lakini maneno yale ya Shabani yalikuwa yangu. Ningekuwa Shabani ningesema yale yale.

Halafu wakaja wale wazungu wazee wawili, mume na mke, na gari lao refu lenye kitanda ndani, na jiko, na kabati la vikombe. Walikuwa wametokea upande wa Rwanda wanaelekea Katavi. Niliwatembeza kwenye vyumba kama bwana harusi. Walisifu taili, wakashukuru, kisha wakaomba waegeshe kule nyuma pembeni ya mihogo ya mama yako, walale ndani ya gari lao. Nikawaambia uwanja hauuzwi, kinachouzwa ni chumba. Wakaenda kulala parokiani. Nilisema ni mabahili, gari la thamani ile na hawana pesa ya chumba. Ukanijibu taratibu, "Baba, wametembea na kitanda chao mpaka Kasulu. Kwa nini wanunue cha pili?"

Kesho yake nilimuomba mama yako ahamishe mihogo.

Mengine uliyafanya wewe. Uliwaendea mafundi seremala ukawaomba maranda wanayoyatupa, ukapata mtu wa kutengeneza jiko la pipa la kuchemshia maji ya kuoga, na mimi niliyekuwa nauliza kuni nani atanunua nikaona kuni hazihitajiki. Ukasema bei irudi chini kabisa, elfu tatu kwa lori, kuoga kukiwa humo humo. Nikakwambia unagawa mali yangu. Ukanieleza jambo ambalo nimelitafakari mara nyingi kuliko homilia yoyote: usiku uliopita ukiwa mtupu hauwezi kuuzwa kesho yake. Mboga isiyouzwa unaikausha, gunia lisilouzwa linasubiri bei, ila nafasi ya kulala ikipita usiku bila mtu imekwenda moja kwa moja. Na chumba kikiwa kitupu bado kinakula, shuka linafuliwa, godoro linaliwa na unyevu, rangi inabanduka. Uwanja unataka kufyekwa tu. Tena mtu asiyekamuliwa kwenye kulala, pesa inabaki mfukoni, na asubuhi mfuko huo unapita jikoni kwa mama yako.

Ikawa hivyo. Walianza wawili, wakawa watano. Siku Mzee Shabani alipoingia tena getini, nilitaka kumsema. Akalala kwenye kiti chake, asubuhi akashuka, akaoga, akatoka na mvuke kichwani, akakaa akala chapati nne na maharage na chai ya tangawizi, halafu akaniambia kwamba tangu lami ije hajawahi kulala vizuri namna hii bila kuiba kwenye posho yake. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na nusu ya hayo machozi hayakuwa ya kicheko. Vyumba vitatu tukawapangisha walimu kwa mwezi, kimoja kikawa mgahawa. Wenye magari ya vitanda nao wanakuja siku hizi, wanaambiana wenyewe kwa wenyewe. Wewe umekuwa ukiwaonyesha mahali pasipo na mteremko kwa Kiingereza chako, nami nikisimama nyuma nikijifanya nimeelewa.

Wakati wote nilidhani bei rahisi ni unyonge, ya mtu asiye na kitu kizuri cha kuuza. Wewe ulinionyesha kwamba ni kumwangalia mgeni kwanza, ujue amekuja na nini tayari, halafu umuuzie kile alichopungukiwa. Huko maabara sijui wanafanyaje kazi, lakini nadhani hata mgonjwa anakuja na kitu chake mkononi. Mtazame kwanza. Mimi nilikaa miaka bila kumtazama mtu, na mtu wa kwanza ambaye sikumtazama ni wewe.

Kwa hiyo, mwana wanje, yaani mwanangu, kama anavyokuita bibi yako kwa Kiha, ada unayokwenda kulipa umeichuma mwenyewe. Hakuna shilingi yangu humo ninayoweza kujivunia. Unakwenda kwa nguvu zako, na hii nyumba imesimama kwa nguvu zako. Nashukuru. Nashukuru kwa kila pipa la maji uliloinjika wakati mimi nimejifunika blanketi. Nashukuru kwa ile siku ya tano. Mungu akupe zaidi ya ulichonipa, maana mimi sina cha kurudisha kinacholingana.

Lakini asije mtu akakwambia ilikuwa heri. Nimeshaanza kuwasikia jumuiyani, kwamba aliyechelewa ndiye aliyeokoa nyumba, mipango ya Mungu. Mimi siruhusu. Mungu hakufuta ujumbe ule. Wenzako mliomaliza nao sasa wako mwaka wa pili, na huo mwaka mmoja uko hapa yadini, na siwezi kuuuza wala kuurudisha. Shukrani yangu na kosa langu havipunguzani. Nakubali vikae vyote viwili.

Na lipo linalonikosesha raha. Mwaka huu ulipoomba tena, ulikuwa umenunua simu yako ndogo kwa pesa ya maandazi, ukajaza namba yako mwenyewe. Pengine ni kwa sababu sasa una simu. Pengine ulijua. Majibu yalipokuja ulisema, "Safari hii Mungu amenikumbuka," na ulinitazama kidogo, kitambo kidogo tu, kabla ya kumtazama mama yako. Usiku huo sikula, na ndipo nikamweleza mama yako kila kitu. Kama ulijua, ukakaa nasi mwaka mzima ukinipikia na kunisalimia "shikamoo baba" kila asubuhi, basi umenizidi kwa mbali, na sijui utu huo uliutoa wapi.

Jambo moja tu nakuomba, na halihusu kunisamehe. Nimekusikia mara mbili ukimwambia mama yako kwamba ukimaliza utarudi kusimamia yadi, kwa sababu baba ataiharibu tena. Ni kweli naweza kuiharibu. Acha niiharibu. Nimeshamwomba binti wa Mzee Shabani aje kusaidia, kwa mshahara, tumeandikiana. Usirudi kwa kunionea huruma. Rudi ukitaka, au baki huko kwenye hadubini zako, au nenda mahali ambapo mimi sijui hata jina lake. Nilikushikilia mara moja bila haki, na huruma yako isije ikanifanyia kazi hiyo hiyo mara ya pili.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini kabisa ya begi, uisome Mwanza, mimi nikiwa mbali. Mama yako alitoka nje, akaona naandika, akauliza nitaificha wapi. Kisha akarudi kwenye begi. Amenipata. Mtu unayemwachia maneno mazito akiwa safarini humpi nafasi ya kukujibu, anayameza peke yake na watu wasiomjua. Kwa hiyo nitakupa mkononi leo hii, usome mbele yangu. Na tafadhali, Skola, usiniambie "yameisha, baba" kwa sababu mimi ni mkubwa na wewe una adabu. Adabu yako naijua tayari. Kama una hasira, zitoe zote, uniite jina lolote, mama yako ataziba masikio. Kama huna la kusema, nyamaza, na begi nitakubebea vilevile mpaka stendi.

Naona bodaboda inapinda pale kwenye kona ya mikaratusi, na kitenge cha bibi yako umekifunga kichwani. Basi la Mwanza linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Una usiku mzima wa kunikasirikia ukiwa nyumbani kwenu.

Baba yako